Bustani Yenye Namba za Gari

Mombasa, Mji wa Kale
12 Aprili 2020

Mpwa wangu Tasneem,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kwenye meza yako, nikitumai u mzima ndani ya nyumba yangu. Mimi sijambo, ila goti ni lile lile. Daktari alisema nirudi baada ya wiki mbili. Kliniki ikafungwa, kisha barabara ikafungwa, na sasa niko ghorofa ya nne na chini yangu kuna ngazi sabini na mbili. Nilizihesabu nikishuka. Nikipanda sikuhesabu, nilikuwa nikilaani. Jirani yako Viola, yule muuguzi, huniletea mkate kila asubuhi na kuniuliza kama nimekunywa dawa, kwa sauti ile wanayoitumia kwa watoto.

Mimi nilikuja Mombasa kwa siku tatu. Wewe, kwa kuwa shule imefungwa, ulikwenda Malindi kwa siku tatu uniangalizie nyumba na kumlisha paka. Serikali, kwa hofu ya korona, ikafunga Kilifi na Mombasa kwa pamoja, na kila mmoja akabaki na ufunguo wa mwenzake mfukoni. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Tangu Jumatano tumepigiana mara nne, na mara zote nne mmoja wetu amemkatia mwenzake. Barua haikatwi katikati. Malori ya mizigo yanaruhusiwa kupita, na Mutuku, yule dereva anayepeleka saruji huko na kurudi na chumvi, amekubali kuwa posta yetu.

Sasa jambo lenyewe, nalo ni Pijo. Ni pikapu ya mwaka 1968, gari lililowazidi adabu watu wengi ninaowajua, na halitaki mengi. Kila Ijumaa saa nne asubuhi liwashe, liache lingurume robo saa, usikanyage mafuta. Kisha lisukume hatua moja mbele, na Ijumaa inayofuata hatua moja nyuma, tairi zisikae upande mmoja zikabonyea. Lifute kwa kitambaa kikavu, maana chumvi ya Malindi inakula bati. Agosti chama chetu cha magari ya zamani kina msafara wa kutoka Malindi hadi Kilifi, na kwa miaka kumi na tisa sijakosa hata mmoja.

Usilifanyie jambo lolote ambalo sikuliandika hapa.

Mjomba wako,
Haroun


Malindi
27 Aprili 2020

Shikamoo mjomba,

Barua ya safari ya saa chache imechukua siku nne. Mutuku alizuiwa Mtwapa akisubiri majibu ya kipimo, akalala ndani ya lori, na alifika hapa na hasira kali kuliko zako. Ramadhani imeingia. Msikiti umefungwa, kwa hiyo tarawehe nasali sebuleni, paka nyuma yangu. Paka hajambo, amenenepa. Jedida wa nyumba ya pili anakusalimu. Hoteli imewarudisha nyumbani wafanyakazi wote, naye anashinda barazani na watoto wake akiuliza mboga zitatoka wapi, kwa sababu sokoni kifungu cha mchicha kimekuwa chembamba kama fagio la chelewa lililochakaa.

Pijo nimeliwasha Ijumaa mbili. Ya kwanza lilikohoa, likatema moshi, likanyamaza. Ya pili lilikohoa tu. Nikamwita rafiki yako Mahadhi. Alikuja, barakoa kidevuni, akafungua boneti, akasema ni betri, akaichukua kwenda kuichaji. Kisha mjomba, badala ya kuondoka, akakaa saa nzima akinieleza habari za bilingani. Anasema kundi la chama chenu kwenye simu halina gari hata moja siku hizi. Kila mtu anatuma picha za miche. Yeye amepanda bilingani ndani ya tairi kuukuu za Moris yake. Kalume wa Vitengeni, yule mwenye Landrova, anagawa samadi ya mbuzi kwa wanachama wote bure, nami nimeletewa magunia sita kwa jina lako.

Chumba chako ni tanuri. Dirisha la upande wa banda la gari umelipigia misumari pande zote nne. Kwa nini? Nilitaka kuling'oa, nikasema nikuulize kwanza.

Na sasa yangu. Kwenye roshani yangu kuna vyungu vinane. Saba vikifa nitanuna siku mbili, yataisha. Cha nane, kile cha samawati kilicho pembeni, ni mwasumini wa mama. Ulichipuzwa kutoka kwa ule wa hapa Malindi, na wewe wajua kwa nini wa hapa haupo tena. Ndio huo tu uliobaki duniani. Maji kikombe kimoja asubuhi, kimoja alasiri, basi. Usiufanyie kingine chochote.

Wako,
Tasneem


Mombasa, Mji wa Kale
11 Mei 2020

Mwanangu Tasneem,

Marahaba. Mfungo unakwenda, alhamdulillahi, ila futari ya mtu mmoja haina raha. Tangu Jumatano iliyopita wamefunga hata Mji wa Kale wenyewe. Zamani nilifungiwa Mombasa, sasa nimefungiwa mitaa minne. Mutuku inabidi asimame kwenye kizuizi, Viola ashuke, apokee bahasha kwa ncha za vidole na kuipulizia dawa. Barua yako ilinifikia imelowa, sentensi mbili zimefutika. Natumai hazikuwa za maana.

Nimechoka kukaa. Nimekutengenezea mashine ya kusagia, ilikuwa inalia. Saa ya ukutani nimeifungua na kuifunga. Bawaba za milango yote nimezitia grisi. Pasi ilikuwa nzima, lakini niliifungua vilevile nione ikoje ndani. Sasa hakuna kitu nyumbani mwako chenye skrubu ambacho sikukigusa, na hawajasema watafungua lini.

Lakini habari za chama zimenitia uchungu kweli. Mahadhi, aliyeweza kukwambia gari lina ugonjwa gani akiwa amelala kitandani na gari liko barabarani, leo anapima urefu wa bilingani! Tairi za Moris, zile tulizozitafuta miezi saba, amezijaza mchanga! Nilipigiwa na Kalume nikadhani ataniuliza habari ya kabureta yake, akaniuliza kama samadi imefika. Nimemwambia mimi ni mtu wa spana. Amenicheka.

Na hayo magunia sita umeyaweka wapi? Nauliza kwa wema. Ua wangu ni sakafu ya saruji kutoka mlangoni hadi ukutani, hakuna mahali pa kuzika hata mbegu ya tikiti. Nijibu hilo. Nijibu pia kama Pijo linasukumwa kila Ijumaa, maana umeandika habari ya kuliwasha, ya kulisukuma hukuandika.

Dirisha liache lilivyo.

Vyungu vyako vinapata maji. Mwasumini ulikuwa na majani ya manjano kidogo, lakini usiwe na wasiwasi, nimeushughulikia.

Mjomba wako,
Haroun


Malindi
28 Mei 2020

Shikamoo mjomba, na Idi njema, ingawa imepita.

Idi yetu ilikuwa ya watu wawili na ukuta katikati. Jedida si Mwislamu lakini nilimpitishia biriani juu ya ukuta, naye akanipitishia mahamri, tukala kila mtu kwake tukipiga soga kwa sauti za sokoni. Watoto wake wanakuita Babu Pijo.

Mjomba, lile neno lako "nimeushughulikia" nimelisoma mara nyingi mno. Umeushughulikia vipi? Majani ya manjano si ugonjwa, ni maji mengi au ni uzee wa jani; unalichuma, unalitupa, yamekwisha. Sikukuomba uushughulikie. Niliandika kikombe asubuhi na kikombe alasiri. Mwezi huu ndio wa maua. Nitilie ua moja ndani ya bahasha, hata likifika limekauka nitaijua harufu yake. Moja tu.

Gari halijambo. Mahadhi alirudisha betri. Samadi ilipata mahali pazuri, usijali.

Nakutumia mafungu mawili ya mchicha na moja la kunde kwa mkono wa Mutuku. Umechumwa leo alfajiri. Viola akupikie kwa nazi, wewe usijaribu.

Wako,
Tasneem


Mombasa, Mji wa Kale
10 Juni 2020

Tasneem,

Salamu. Goti linauma. Nyinyi Kilifi mmefunguliwa Jumapili, sisi Mombasa bado, sijui tumekosa nini. Toka Jumapili nasikia kwenye redio watu wa Malindi wakitembea hadi Watamu kula upepo.

Mchicha ulikuwa mzuri. Niliula wote. Nikawa namsifia Mutuku kwenye simu, namwambia huo mchicha mpwa wangu kaupata wapi, sokoni si hakuna? Mutuku, kwa ule moyo wake mweupe, akacheka. "Mzee, mimi nimezunguka Kenya hii yote, lakini bustani yenye namba za gari nimeiona kwako tu."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Umelijaza Pijo udongo! Magunia sita ya samadi ya mbuzi, tena mbichi, umeyamwaga nyuma ya pikapu yangu, ukaongeza mchanga, ukapanda mchicha, ukawa unaumwagilia kila siku! Wajua samadi inafanya nini kwa bati? Nimelinda ile bodi kwa miaka thelathini na moja. Nimeipaka mafuta kila mwaka. Nimetoka kwenye harusi za watu katikati ya wali kwa sababu niliona wingu. Na wewe unaimwagilia!

Sasa naelewa kwa nini halisukumwi. Litasukumwaje na uzito huo? Tairi zote nne zimekwisha. Chesisi imepinda. Na huyo Mahadhi alikuja, akaona, akanyamaza, kwa sababu bila shaka alikuuliza umetumia mbegu gani.

Sikulala chini kwa hasira kwa sababu goti halikuniruhusu. Nimekaa kwenye kiti nikitazama ukuta. Halafu unaniandikia "gari halijambo." Kwa mkono wako. Mwalimu wa shule!

Haroun


Malindi
17 Juni 2020

Shikamoo mjomba,

Nimeipokea barua yako na nimeistahili nusu.

Ndiyo, nimepanda nyuma ya Pijo. Nilikudanganya, nisamehe kwa hilo, uongo ulikuwa wa kijinga. Lakini kupanda sikuombi msamaha. Watoto wa Jedida wamekula kutoka bustani hiyo tangu Ramadhani, na ile nyumba ya Mzee Mwaro ya mwisho wa kichochoro, na Mahadhi mwenyewe, ambaye bilingani zake ziliingia wadudu. Umesema ua wote ni saruji. Kweli, ni saruji. Mahali pekee penye udongo katika nyumba hii nzima ni chini ya banda, na hapo pamekaliwa na gari lako. Ningepanda wapi? Nilisimama na magunia sita nikiangalia udongo mzuri kabisa uliolaliwa na tairi nne, nikaona basi, kama gari halitaki kupisha bustani, libebe bustani.

Na mjomba, kwa nini pale pana udongo? Sote wawili tunajua. Miaka miwili hatujasema. Ngoja niseme mimi, kwa kuwa barua haikatwi katikati.

Pale palikuwa pa mama. Dada yako Hindu aliishi nyumba hii na wewe miaka kumi na minne baada ya baba kufariki, na pale aliupanda mwasumini ukapanda hadi kwenye dirisha lako. Alipofariki nilikuja, tukamzika, nikarudi kazini. Nilipokuja arobaini, mwasumini haukuwepo. Palikuwa na nguzo nne, makuti mapya, na Pijo chini yake likimetameta. Nilikuuliza. Ukanijibu gari linataka kivuli. Mbele ya wageni, mjomba, na sahani ya halua mkononi. Gari linataka kivuli!

Nilikula ile halua. Mpaka leo siwezi kula halua.

Kesho nitaanza kuutoa udongo, na nitaiosha bodi kwa maji matamu na kuikausha, na Mahadhi atakuja na rangi. Lakini unijibu. Barua mbili umeniandikia tangu nilipokukabidhi mwasumini. Katika ya kwanza "umeushughulikia." Katika ya pili hukuutaja kabisa. Niliomba ua moja. Uko wapi?

Tasneem


Mombasa, Mji wa Kale
27 Juni 2020

Mwanangu Tasneem,

Salamu. Viola hajambo. Nimeianza barua hii mara tano, na nne ziko kwenye pipa lako la taka.

Mwasumini umekufa. Umekufa tangu Mei, na ni mimi niliyeuua.

Nitakueleza vilivyokuwa, si kwa kujitetea. Nilipoona majani ya manjano nilifanya ninachofanya kitu kikianza kukohoa. Niliufungua. Nilitandaza gazeti mezani, nikautoa chunguni, nikaukung'uta udongo wote. Nikaichukua ile mizizi nikaisugua kwa mswaki wa zamani, kama ninavyosafisha kabureta, na zile nyuzi nyembamba nyembamba nikaziondoa zote nikidhani ni uchafu. Viola ameniambia baadaye kwamba hizo ndizo zinazokunywa maji. Nikapanga kila kitu kwa mstari, matawi huku, mizizi huku, nikauacha siku mbili ukauke vizuri kabla ya kuurudisha, maana kabureta hairudishwi ikiwa na maji. Siku ya tatu nikaurudisha kwa ustadi mkubwa. Nikajisifu. Nikakuandikia kwamba nimeushughulikia.

Baada ya wiki ukawa kijiti. Niliendelea kuumwagilia kikombe asubuhi na kikombe alasiri. Mpaka leo naumwagilia. Nimeaibika, Tasneem. Mimi mtu mzima, nimekimbizana na wewe kwa sababu ya bati huku najua nilichokifanya hapa.

Na lile la banda. Umesema mimi nilijibu gari linataka kivuli. Nilijibu hivyo kwa kuwa nilikuwa mbele ya watu, na lile la kweli halikuwa la kusemwa mbele ya watu.

Mama yako alikuwa na mazoea ya kuchuma asumini baada ya swala ya alasiri. Alikaa chini ya dirisha langu akizitunga kwa uzi, akinigombeza kupitia dirishani kwamba niache mafuta ya gari, nioge. Kila jioni. Alipofariki, mwasumini haukujua. Uliendelea. Jua likianza kushuka, harufu inaingia chumbani, nami nilikuwa nikisimama kwenda kuoga. Wiki ya tatu nilijikuta nikimjibu. Nilisema kwa sauti, "Nakuja, Hindu, ngoja nifunge hii nati moja." Mahadhi alikuwa mlangoni, akasikia. Aliondoka taratibu.

Kesho yake nilichukua panga. Nilipomaliza nikalipigia dirisha misumari, kwa kuwa hata baada ya kuukata harufu ilikuwa bado inakuja, au mimi ndiye niliyeona inakuja. Kisha nikaliweka gari pale ili nisipaone mahali penyewe.

Nilikuwa nikijiambia kwamba wewe unao mwingine Mombasa. Kila nilipojuta nilijiambia hivyo. Sasa huo nao nimeumaliza. Sikuombi ujibu.

Mjomba wako,
Haroun


Malindi
4 Julai 2020

Shikamoo mjomba,

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda kwenye ile nyumba ya mwisho ya kichochoro nikamsaidia Mzee Mwaro kuteka maji ambayo hakuyahitaji. Nilitaka nikutukane, na wewe uko mbali. Nililia, mjomba. Ule mti nilikuwa nikiusalimia asubuhi kabla ya kwenda shule.

Jedida aliniuliza nina nini. Nikamwambia mjomba wangu ameua ua. Akasema hilo tu?

Sasa lipo jambo nililokuficha mimi pia, na hili sikulificha kwa woga. Nilikuficha kwa ubaya.

Tarehe ishirini Juni nilimaliza kutoa udongo kwenye Pijo. Bodi imeliwa, sikudanganyi. Kuna matundu matatu upande wa kushoto, moja linapitisha kidole. Kumbe tangu Aprili maji yote niliyokuwa nikimwagilia, na maji ya samadi, yalikuwa yakipita hapo na kudondoka chini. Niliinama nione kama chesisi nayo imeoza. Nikaona majani.

Nilidhani ni magugu. Nikaingia chini kwa mgongo, na tochi ya simu. Mjomba, ni mwasumini. Kisiki chake kipo pale pale nyuma ya tairi la kushoto, kimekatwa kwa panga, kimekauka juu, na pembeni mwake limetoka chipukizi. Refu kuliko mkono wangu. Jembamba, rangi imefifia kwa kukosa jua, lakini lina majani saba saba kama yanavyotakiwa, na limejizungusha kwenye bomba la moshi mara tatu. Lau ningelisukuma gari kila Ijumaa ulivyoagiza, tairi lingelisaga.

Nilikaa wiki mbili bila kukwambia. Nilisema mwache, hastahili kujua. Halafu ikaja barua yako.

Mahadhi ameliona. Anasema likibaki gizani litakufa kabla ya Agosti. Gari lazima litoke na makuti lazima yaondolewe, jua lifike. Lakini hapa uani hakuna kivuli kingine, na kwa matundu hayo, gari likinyeshewa msimu mmoja na upepo huu wa chumvi, anasema ndiyo basi tena, Pijo haliendi Kilifi wala popote. Na kabla ya kulisukuma lazima chipukizi litolewe kwenye bomba. Amejaribu kulizungusha kwa kidole, limeanza kupasuka. Akaacha. Anasema ama likatwe, tuombe kisiki kitoe jingine, ama gari lisisogee.

Sijaligusa. Ningeweza kuamua mwenyewe, nami najua ningeamua nini. Lakini mara ya kwanza uliamua peke yako, na mara hii nataka uamue ukijua kwamba nakutazama.

Tasneem


Mombasa, Mji wa Kale
8 Julai 2020

Mwanangu Tasneem,

Barabara imefunguliwa jana. Viola amenipatia usafiri wa Jumamosi, na ngazi sabini na mbili nitazishuka kwa makalio ikibidi. Lakini barua hii initangulie kwako leo kwa mkono wa Mutuku, kwa kuwa Jumamosi ni mbali. Ningepiga simu, ila ningesikia sauti yako ningeanza kubisha.

Mwambie Mahadhi aondoe mkono wake kwenye hilo chipukizi. Asilizungushe, asilikate, asilifungue. Mimi nimeshafungua mwasumini mmoja, inatosha.

Afungue gari. Bomba la moshi limeshikwa na nati mbili mbele, kwenye injini, na vishikizo viwili chini ya bodi. Zina kutu. Azilowanishe kwa mafuta ya taa leo, azifungue kesho kwa spana namba kumi na tatu, taratibu, na Kalume ashikilie bomba lisidondoke. Likishaachia, wasilitoe. Walilaze chini polepole pamoja na chipukizi lake, katikati ya tairi. Halafu wasukume gari litoke nje bila bomba, lisimame popote uani, ndipo walisimamishe bomba kando ya kisiki na kulifunga kwa kamba, liwe mti wa kupandia. Mvua ikija, imnyeshee mwenye gari.

Makuti yabomoeni yote. Nguzo ziacheni.

Na kabla sijafika, ingia chumbani kwangu. Misumari ya dirisha ni kumi na sita, nilitia mingi kuliko ilivyohitajika. Koleo liko chini ya kiti cha dereva.

Mjomba wako,
Haroun